Vidonge Vimebaki Vichache, Motari Anaondoka Alfajiri

Kati ya karatasi zote za kazi nilizowahi kuandika kwa ajili ya kupima tovuti, ninayoipenda zaidi ina sentensi nne, na hakuna hata moja inayotaja tovuti. Inasema hivi (motari ni mwendesha pikipiki, biro santrali ni ofisi kuu ya zoni ya afya):

"Ni Ijumaa mchana, mvua zimeanza na watoto wenye homa wanazidi kuletwa. Ukifungua kabati unakuta dawa ya malaria ya watoto imebaki kidogo. Motari anayekwenda Kasongo anaondoka kesho alfajiri na atarudi Jumapili. Fanya kama unavyofanya siku zote ili biro santrali ijue unahitaji nini."

Niliwaandikia wauguzi wa vituo vya afya vya Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huko ndiko nilikozaliwa, na huko ndiko nilikokaa miaka nikikusanya takwimu kwenye biro santrali ya zoni ya afya kabla sijaingia kazi hii. Tovuti ilikuwa ya shirika moja lililotaka kila kituo kiripoti stoki yake ya dawa kwa tableti, badala ya kungoja mwisho wa mwezi karatasi zifike kwa baiskeli. Ni wazo zuri na bado naliamini. Maniema ina zoni za afya 18 kati ya 519 za nchi nzima, na kwa vituo vingi vya kwetu dawa inapoisha, mgonjwa anarudi nyumbani mikono mitupu.

Mtu wa kwanza kusoma karatasi ile alikuwa muuguzi mkuu wa kituo, yule ambaye kwetu kila mtu humwita IT, kifupisho cha Kifaransa cha infirmier titulaire. Aliisoma mara mbili. Kisha akainuka, akaenda kabatini kweli, akahesabu plaketi za vidonge moja moja kwa kidole, akarudi na fishi ya stoki, karatasi ya kuandikia hesabu ya dawa, mkononi. Tableti ilikuwa mezani, tovuti imeshafunguliwa. Akaipita. Akatoa simu yake mfukoni, akafungua grupu la WhatsApp la zoni, akabonyeza alama ya sauti: "Dokta, jambo. Hapa kwetu dawa ya malaria ya watoto inaisha. Motari anatoka kesho asubuhi." Akaiweka simu, akaniangalia.

"Nimemaliza."

Mtengenezaji wa tovuti aliyekaa kando yangu aliona jaribio limeharibika. Alininong'oneza kwa Kifaransa nimrudishe muuguzi kwenye skrini. Sikumrudisha. Nilimwuliza tu, "Papa, na hii tableti?"

"Hiyo ni ya ripoti," akasema. "Dawa miye naomba kwa dokta."

Katika sentensi hizo mbili alitupa kitu ambacho mwaka mzima wa vikao haukutupa. Kichwani mwake ripoti ni kitu cha juu, kinachokwenda mbali na hakirudi. Kuomba dawa ni jambo la mtu na mtu. Tovuti ilikuwa imeviweka viwili hivyo kwenye ukurasa mmoja ikidhani ni kimoja. Na hilo lisingeonekana kamwe kama karatasi yangu ingemwambia ashike tableti.

Ninasema hivyo kwa uhakika kwa sababu kabla sijaitwa, tovuti ileile ilikuwa imeshapimwa kwa karatasi iliyotoka mbali, na nakala yake nilikabidhiwa. "Bofya Stoki. Chagua Matumizi ya mwezi. Mbele ya dawa ya malaria andika 25. Bofya Hifadhi." Kila muuguzi aliikamilisha, tena haraka, na ripoti ikasema tovuti ni nyepesi kutumia. Baadaye tableti zikagawiwa, na kurasa za vituo vingi zikakaa tupu. Karatasi ile ilikuwa imepima jambo moja: kama mtu anaweza kusoma neno kwenye karatasi na kulitafuta neno hilohilo kwenye skrini. Mtu aliyesomea uuguzi hashindwi hilo. Hakuna aliyepima kama siku dawa zinapopungua, bila karatasi ya kumshika mkono, atakumbuka tovuti hata kidogo, ataingilia mlango gani, na atajuaje kwamba amesikika.

Wenzetu wa nchi tajiri walilijua jambo hili zamani, na mfano wao mmoja nimeusimulia mara nyingi kwenye mafunzo. Jared Spool, mpimaji wa tovuti wa Marekani, ameeleza jinsi watu walioombwa kutafuta kabati la vitabu kwenye tovuti ya IKEA walivyofanya karibu wote kitu kilekile: waliandika "kabati la vitabu" kwenye kisanduku cha kutafutia. Kazi ilipobadilishwa ikawa mtu ana vitabu zaidi ya 200 vilivyotapakaa sebuleni ndani ya maboksi na anataka kuvipanga, watu walianza kuzunguka kurasa na kutumia maneno yao wenyewe. Shida ilikuwa ileile na duka lilelile. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza aliyeandika kazi alikuwa amekwisha kumtafutia mteja jibu.

Kwa hiyo ninapoandika, kazi ya kwanza ni kufuta. Nafungua tovuti, naorodhesha maneno yote yaliyomo kwenye menyu na vitufe, kisha napitia karatasi yangu na kuondoa kila neno linalofanana na hayo, isipokuwa majina ya dawa, ambayo hubaki kama yalivyoandikwa kwenye boksi. Kinachobaki lazima kiwe haja ya mtu: nini kimetokea, ana nini mkononi, anabanwa na nini, nini kitakuwa kibaya asipofanya. Nikishindwa kuisimulia haja hiyo bila maneno ya tovuti, najua sijaielewa, na narudi kwa wauguzi.

Visa vyenyewe sivibuni mezani. Nawauliza, "Niambie mara ya mwisho dawa ilipokuishia. Ilikuwa siku gani, nani alikuwa mlangoni?" Mvua, motari, Ijumaa, watoto wenye homa, vyote vilitoka kwenye majibu hayo. Hapo awali mtu wa shirika alikuwa amependekeza kisa cha muuguzi anayepanga mahitaji ya robo mwaka. Hakuna kituo nilichokijua kilichopanga hivyo. Watu wangekifanya kwa adabu, kama wanafunzi wanavyojibu swali la nchi wasiyoijua, na tungerudi Kindu, makao makuu ya mkoa, na matokeo mazuri yasiyo na maana. Kisa kikiwa cha kweli unamwona mtu akibadilika usoni. Anaacha kukufanyia wewe kazi, anaanza kuifanya yake.

Lugha ilitupa kazi kidogo kuliko nilivyotarajia. Wauguzi wetu wamesoma kwa Kifaransa, fishi ni za Kifaransa, lakini haja huzaliwa kwa Kiswahili cha Kasongo, kile kilichokaa hapa tangu enzi za mfanyabiashara Tippu Tip na soko la Nyangwe. Basi kisa nilikiandika kwa Kiswahili hicho, na nikakisoma kwa sauti kabla ya kumpa mtu karatasi. Mengine yote yalijipanga.

Tarakimu ndizo zilizonifundisha zaidi. Rudi kwenye ile "andika 25". Kule Kabambare, zaidi ya kilomita 100 mashariki ya Kasongo, nilikaa na mama mmoja mkunga anayeshika pia kabati la dawa. Karatasi yangu haikuwa na jumla yoyote. Nilimpa fishi ya stoki ya wiki tatu, iliyojazwa kwa mkono jinsi zinavyojazwa: siku nyingine zimeandikwa, nyingine zimerukwa, namba moja imekatwa na kuandikwa juu yake. Kisa kilisema tu kwamba kijana wa biro santrali anapita mchana na anataka kujua dawa ya malaria iliyotumika.

Mama alianza kujumlisha, midomo ikicheza. Akafika mahali pa kuandika kwenye skrini, kidole kikabaki hewani.

"Yaya, hapa nitie vidonge ao nitie plaketi?"

Sikumjibu. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwa mtu wa kwetu, kumnyamazia mama mzima anayekuuliza. Nilimwambia tu, "Mama, fanya kama mimi sipo."

Akageuza boksi. Artesunate-amodiaquine, dawa inayotumika sana kwetu dhidi ya malaria isiyo kali, huja katika plaketi za aina nne kulingana na umri na uzito: tatu zina vidonge 3 kila moja, na ya watu wazima ina 6. Boksi moja lina plaketi 25. Fishi ya kituo huhesabu plaketi, kwa sababu plaketi moja ni mgonjwa mmoja. Tovuti ilikuwa na mstari mmoja tu, "artesunate-amodiaquine", na mbele yake nafasi ya namba. Mama alikaa akiutazama. Mwishowe akajumlisha aina zote nne, za watoto wachanga pamoja na za watu wazima, akaandika jumla ya plaketi. Muuguzi wa kituo cha jirani, siku iliyofuata, kwa fishi hiyohiyo, aliandika vidonge. Mwingine akaandika maboksi, akaacha zilizosalia kwa sababu hazikutimia boksi.

Fikiria mtu wa biro santrali anayepokea namba hizo tatu. Moja inamwambia kituo kimetumia dawa nyingi mno, nyingine inamwambia hakikutumia karibu chochote, na fishi ni ileile. Karatasi iliyosema "andika 25" ilikuwa imeficha kosa hili kwa kumpa muuguzi namba iliyokwisha kupikwa. Tangu hapo sitoi jumla kwenye kisa chochote. Natoa kile ambacho mtu anacho kweli mkononi wakati haja inapomjia, iwe fishi yenye makwaruzo, plaketi zilizokatwa nusu au ujumbe wa sauti wa mwenzake, na namwacha atembee njia yote kutoka hapo hadi kwenye skrini. Makosa mengi niliyoyaona yalikaa kwenye njia hiyo, kabla mtu hajagusa kitufe chochote.

Kuna kizuizi kingine ambacho vitabu vya nje hukigusa juu juu. Vinasema mwombe mshiriki afikiri kwa sauti. Njia hiyo ina mizizi katika kazi ya watafiti Ericsson na Simon, ambao kitabu chao cha 1984 kilieleza jinsi ya kutumia maneno ya mtu kama ushahidi wa anavyofikiri, na mapema kidogo Clayton Lewis wa IBM alikuwa ameipeleka kwenye kupima programu. Kwetu mtu akiambiwa afikiri kwa sauti mbele ya mgeni aliyetumwa na shirika, anasikia mtihani. Atasema, "Iko muzuri, iko muzuri," hata kama ukurasa umemkataa. Kumsema vibaya mgeni aliyesafiri siku mbili ili akuonyeshe kitu chake ni ukosefu wa malezi. Na daktari mkuu wa zoni akiwa ndani ya chumba, hata huyo "muzuri" atasemwa kwa sauti ya chini.

Mtaalamu wa upimaji Apala Lahiri Chavan alikutana na ukuta huo India, akaujibu kwa kubuni visa vya mtindo wa filamu za Bollywood: mpwa wako anakaribia kuolewa, unagundua bwana harusi tayari ana mke, na ni lazima upate tiketi ya ndege sasa hivi ukapeleke ushahidi. Watu waliojifunika kwa adabu walianza kulalamika kwa moyo wote, kwa sababu walikuwa wanamwokoa mpwa. Naiheshimu sana akili hiyo. Lakini Kabambare sikuithubutu. Watu ambao wameona vijiji vikihama usiku hawahitaji niwaambie waigize msiba.

Nilichofanya ni kuwapa kazi ya kufundisha. Karibu kila kituo kina mwanafunzi wa staji, anayejifunza kazi. Karatasi ikawa hivi: "Mama, kuanzia Jumatatu unakwenda kwenye matanga kwa wiki moja. Huyu mtoto ndiye atakayebaki na kabati. Mwonyeshe atakavyofanya dawa zikipungua." Nikakaa nyuma. Hapo maneno yalitoka yenyewe. Mkunga yuleyule aliyesema "iko muzuri" asubuhi alimwambia kijana mchana: "Hapa usibonyeze, hapa inakudanganya, inasema imehifadhiwa na bado. Hii namba usiiamini, andika kwanza kwenye kikaratasi." Mkubwa akimwelekeza mdogo anasema ukweli wote, kwa sababu akificha mdogo ataharibu kazi. Na daktari mkuu naye nilimpa heshima yake kwa kumpa karatasi yake ya kwanza, peke yake, ofisini, juu ya yale anayoyapokea. Baada ya hapo hakuona haja ya kukaa nasi vituoni.

Kisa kimoja nilikiondoa kabisa na ningependa wote wanaoandika kazi za namna hii wakifikirie. Tovuti ina sehemu ya dawa zilizopotea, na kuipima kulihitaji mtu awe na sababu ya kuandika hasara. Rasimu iliyotoka kwa shirika ilisema: watu wamevamia kituo usiku wakachukua dawa, ripoti hasara hiyo. Upande wa Salamabila, karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, makundi yenye silaha yamekuwa jambo la maisha ya kila siku, na wavamizi wana majina na jamaa. Muuguzi anayeandika "zimeibwa" kwenye tableti, hata kwa mfano, anaona ametoa ushahidi. Ataandika nini? Hataandika. Na tungesema sehemu ile ya tovuti ni ngumu, wakati ugumu uko nje ya skrini kabisa. Niliandika badala yake kwamba paa limevuja na maboksi mawili yamelowa. Sehemu ikapimwa vizuri. Lakini katika ripoti yangu niliweka ukurasa mzima kueleza kwa nini hasara za kweli hazitaonekana kwenye tovuti hii hadi mtu aweze kuziripoti bila jina la kituo kuonekana na kila mwenye neno la siri.

Kuhusu idadi ya washiriki sina mengi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo, na kwa kundi moja la watu wanaofanana nakubaliana naye. Wauguzi wa Kasongo mjini wenye mtandao na wauguzi wa ndani ya Kabambare si kundi moja. Nilizitenga karatasi zao.

Mwisho wa kila karatasi naandika, "Ukiona umemaliza, niambie." Sisemi mwisho unafananaje, kwa sababu jinsi mtu anavyoujua mwisho ni sehemu ya ninachopima. Karibu kila muuguzi alisema amemaliza pale maandishi ya kijani yalipotokea: "Imehifadhiwa." Ilikuwa imehifadhiwa ndani ya tableti. Mahali pengi tulipokaa hapakuwa na mtandao, na ripoti ingebaki humo hadi tableti ipelekwe penye mnara. Mtu angelala akijua ameomba dawa, na Kasongo hakuna aliyejua.

Kabambare ina historia ndefu ya ujumbe wa namna hiyo. David Livingstone alilala hapo miezi mingi kati ya 1870 na 1871 akiugua vidonda vya miguu, sanduku lake la dawa likiwa limepotea tangu 1867, akingoja alichoagiza kutoka pwani. Watu waliomfikia Februari 1871 walimletea barua moja tu. Nyingine nyingi zilikuwa zimepotea njiani. Aliyeandika anaona amemaliza. Anayesubiri upande wa pili hana habari.

Watengenezaji walibadilisha ukurasa baada ya hapo, na ninawashukuru kwamba hawakubishana nilipowaonyesha picha za video. Sasa ombi lina hali tatu: bado liko kwenye tableti, limefika biro santrali, limesomwa, na jina la aliyelisoma linaonekana. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp haukupigwa marufuku. Mwenye famasi ya zoni anaweza kuusikiliza na kuuingiza yeye kwenye tovuti kwa niaba ya kituo. Mstari wa dawa ya malaria umekuwa minne, kila mmoja na picha ya plaketi yake. Nami nimeongeza swali moja kwenye karatasi za zoni ya Lusangi ninazoziandika sasa. Muuguzi akisema "nimemaliza", ninamwuliza nani anajua kwamba dawa imemwishia. Akimtaja mtu, ninaandika ndiyo. Akiitaja tableti, ninaandika hapana, hata kama kila kitufe kimebonyezwa sawasawa.